Kabla ya Kununua Pikipiki ya Umeme, Mpime Kwanza Anayekuuzia

Jumapili hii naomba tuketi pamoja tuzungumzie jambo ambalo limeingia katika mazungumzo ya nyumba nyingi, kuanzia mitaa ya Nairobi na Mombasa hadi huko vijijini tulikotoka. Jambo lenyewe ni pikipiki za umeme.

Bila shaka umeziona. Hupita kimya kimya, hazitoi moshi, na kijana anayeiendesha hasimami kwenye kituo cha petroli. Ampersand ilianza biashara hii Kigali, Rwanda, mwaka 2019 na baadaye ikaingia Kenya. Kampuni ya Roam, ambayo zamani iliitwa Opibus, ilifungua kiwanda chake Nairobi mwaka 2023. Mnamo Septemba mwaka huo huo Rais William Ruto alizindua mpango wa pikipiki za umeme mjini Mombasa, pamoja na kampuni ya Spiro. Tangu hapo wauzaji wamezidi kuongezeka, wakubwa kwa wadogo, wajuzi kwa wababaishaji.

Sasa tuseme ukweli. Wengi wetu tunaoishi mijini hatununui pikipiki ili tuiendeshe sisi. Tunamnunulia mdogo wetu, mpwa wetu au mwana wa kaka yetu aliyemaliza chuo miaka miwili iliyopita na bado anazunguka na vyeti. Familia huketi. Mama hukopa kwenye chama, mjomba hutoa akiba yake, ng'ombe mmoja huuzwa, na dada aliye Mombasa hujaza pengo. Pikipiki ikishafika kijijini, hiyo ndiyo karo ya wadogo, ndiyo unga, na ndiyo heshima ya kijana mbele ya wenzake.

Kwa hiyo pikipiki hiyo ikilala chini ya mparachichi kwa sababu betri imekufa na muuzaji hashiki simu, hasara haiwi ya chuma peke yake. Deni la chama linabaki pale pale, na lawama zinaanza kugawanywa.

Leo basi sitakwambia ununue pikipiki ya kampuni gani. Nataka tuzungumze juu ya mtu atakayekuuzia, kwa maana huyo ndiye utakayeishi naye.

KWA NINI MUUZAJI NDIYE MUHIMU

Pikipiki ya petroli ina huruma. Hata ukiinunua kwa mtu mbaya, kila kituo cha bodaboda hapa nchini kina fundi anayejua kuifungua, na kila soko lina duka la vipuri vyake. Muuzaji wako anaweza kuhama mji kesho na kijana wako akaendelea na kazi.

Pikipiki ya umeme haijafika hapo. Ndani yake kuna betri, mota, na kifaa kinachogawa umeme kutoka kwenye betri kwenda kwenye mota, ambacho mafundi hukiita kontrola. Kifaa kimoja kikiharibika, mara nyingi kinachotakiwa ni kile kile cha kampuni ile ile. Fundi wa kawaida, hata awe hodari namna gani, hatakichonga kwa tupa. Ndiyo maana nasema kwamba ukinunua pikipiki ya umeme unanunua vitu viwili: pikipiki yenyewe, na uhusiano na muuzaji wake kwa miaka mitatu au minne ijayo.

Je, utamjuaje muuzaji mjuzi na mwaminifu? Nitakupa kipimo kimoja kikubwa, kisha vingine vidogo.

KIPIMO CHA MLIMA

Chukua mfano wa familia yenye kwao Wusi, kule kwenye milima ya Taita, juu ya Mwatate. Kijana atafanya kazi ya kubeba abiria na mizigo kati ya Wusi, Mwatate, Wundanyi, na siku nyingine hadi Voi. Mama yake, anayeishi Mombasa, anaingia dukani.

"Ndugu yangu, pikipiki hii ikijazwa inakwenda kilomita ngapi?"

Muuzaji wa kwanza anajibu papo hapo: "Themanini, mama, bila wasiwasi. Nikuandikie risiti?"

Muuzaji wa pili anajibu kwa swali: "Mama, kijana ataifanyia kazi wapi? Atabeba abiria mmoja au wawili? Njia ni ya lami au ya mawe? Kuna milima?"

Msomaji wangu, huyo wa pili ndiye wa kuketi naye. Kwa nini nasema hivyo? Hebu tupige hesabu pamoja, wala usiogope, ni hesabu ya darasa la saba.

Tuseme betri ina uniti 3 za umeme, yaani kilowati-saa 3, kiasi ambacho ni cha kawaida kwa pikipiki za kazi. Kwenye barabara tambarare, tuseme pikipiki inatumia uniti 0.035 kwa kila kilomita. Gawanya, utapata kilomita 85 hivi. Kwa hiyo muuzaji wa kwanza hakusema uongo. Themanini zipo.

Sasa twende safarini. Kutoka Voi hadi Mwatate ni kama kilomita 25. Kutoka Mwatate kupanda hadi Wundanyi ni kama 15 nyingine. Jumla 40 za kwenda na 40 za kurudi, themanini kamili! Kwenye karatasi kijana ataenda na kurudi bila kuchaji.

Lakini Voi iko karibu mita 600 juu ya usawa wa bahari, ilhali Wundanyi imepita mita 1,300. Pikipiki, kijana, abiria na mzigo wake ni kilo 300 hivi. Kuinua kilo 300 kwa mita 700 kunahitaji karibu uniti 0.6, na ukiongeza umeme unaopotea kama joto, inafika 0.75 hivi. Yaani robo ya betri inaliwa na mlima peke yake, kabla ya kuhesabu umbali. Jumlisha na uniti 1.4 za zile kilomita 40, na kijana anafika Wundanyi akiwa amebakiwa na chini ya thuluthi moja ya betri. Kushuka kutampunguzia matumizi, lakini baada ya mteremko Voi bado iko mbali. Asipochaji huko juu, huenda akaisukuma.

Ndiyo sababu pikipiki inayofanya vizuri mjini Mombasa, ambako ardhi ni tambarare, haijathibitisha lolote kuhusu Taita. Muuzaji mjuzi analijua hilo na atakwambia hata kama litampotezea mauzo. Muuzaji asiyejua, au anayejua akanyamaza, atakuachia uligundue mwenyewe kwenye kona ya mlima, saa moja usiku, abiria akiwa amenuna.

MASWALI YA KUMTEGA

Kuuliza si ujinga, wahenga walisema. Haya ni maswali ambayo wewe tayari utakuwa na majibu yake, kwa hiyo utajua kama anayejibu anaelewa kazi yake.

Mwulize kwanza: "Mota iko wapi?" Pikipiki nyingine zina mota ndani ya gurudumu la nyuma, nyingine katikati ya fremu na mnyororo au mkanda. Mota ya kwenye gurudumu ina vitu vichache vya kuharibika, lakini katika kupanda mlima mrefu polepole, na mzigo mzito, huweza kupata joto hadi kontrola ikapunguza nguvu ili kuiokoa. Mota ya katikati hufaidi gia au tofauti ya meno ya mnyororo. Muuzaji anayejua atakueleza faida na hasara za kila moja. Asiyejua atakwambia, "Hii ni ya kisasa."

Mwulize pili: "Nguvu yake ya kudumu ni kilowati ngapi?" Angalia neno hilo, ya kudumu. Matangazo hupenda kutaja nguvu ya juu kabisa, ambayo mota huitoa kwa sekunde chache tu. Kupandisha zile kilo 300 kwenye mlima wa wastani kwa mwendo wa kilomita 30 kwa saa kunahitaji zaidi ya kilowati 2 mfululizo. Ukiuziwa kijipikipiki cha kilowati 1 kwa sababu kina rangi nzuri, umenunua pambo.

Mwulize tatu: "Betri hii imetengenezwa kwa nini?" Kama ni ile ya zamani ya risasi na asidi, ni nzito na huchoka baada ya kuchajiwa mara mia kadhaa. Za lithiamu hudumu zaidi. Na hata hizo za lithiamu hazifanani: zile za chuma na fosfeti ni nzito kidogo lakini hustahimili kuchajiwa mara nyingi zaidi kuliko zile za nikeli. Muuzaji akikwambia "lithiamu ni lithiamu tu, mama", mshukuru na uendelee na safari yako.

Mwulize nne: "Mvua je?" Milima ya Taita ina mvua na ukungu. Mota na betri hupewa alama ya herufi IP na tarakimu mbili. Ya kwanza ni ya vumbi, ya pili ni ya maji. IP65 maana yake kifaa kinastahimili maji ya kurushwa kwa mpira. IP67 kinastahimili hata kuzamishwa kwa muda mfupi. Mwombe akuonyeshe alama hiyo ilikoandikwa.

La mwisho ni swali la mtego hasa: "Kijana akichaji hadi ijae huko juu Wundanyi kisha ateremke, itakuwaje?" Pikipiki nyingi za umeme huweza kurudisha umeme kidogo kwenye betri wakati wa kuteremka, na mota husaidia kuzuia mwendo. Lakini betri iliyojaa haina nafasi ya kupokea. Kwa hiyo msaada huo wa mota hupungua au kukosekana, na kazi yote huangukia breki za kawaida. Muuzaji atakayekwambia, "Hapo asijaze kabisa, na breki zikaguliwe kila mara," huyo ameendesha pikipiki anayoiuza.

BETRI NI YA NANI?

Hapa ndipo familia nyingi zinaweza kuumia, kwa hiyo tusiharakishe.

Kuna mitindo miwili. Katika mtindo wa kwanza unanunua pikipiki pamoja na betri yake, na unachaji nyumbani. Kwa mfano, ukihesabu shilingi 30 kwa uniti, kujaza betri ya uniti 3 ni shilingi 90 hivi na kidogo cha ziada kinachopotea kwenye chaja. Ukilinganisha na petroli, ambayo bei yake hutangazwa na mamlaka ya kawi, EPRA, kila tarehe 14 ya mwezi, utaona kwa nini vijana wanavutiwa. Lakini betri hiyo ni sehemu kubwa ya bei ya pikipiki, na siku ikichoka ni mzigo wako.

Katika mtindo wa pili betri ni mali ya kampuni. Wewe unanunua pikipiki kwa bei ya chini, kisha betri ikiisha unakwenda kwenye kituo chao, unaacha iliyoisha na kupewa iliyojaa kwa dakika chache. Ni mtindo mzuri sana kwa kijana wa mjini anayepita karibu na vituo mara tano kwa siku. Betri ikichoka, si shida yako.

Sasa mrudishe akilini kijana wa Wusi. Kituo cha karibu naye kiko wapi? Usikubali jibu la "tunakuja hivi karibuni". Hivi karibuni haijazi betri. Hesabu kilomita kutoka mlangoni kwao hadi kituo kilichopo leo, kilicho wazi leo, na urudie hesabu ile ya mlima. Uliza pia kama unaruhusiwa kuichaji nyumbani, na kampuni ikifunga kituo hicho pikipiki yako itafanya kazi na betri gani. Muuzaji mwaminifu atakwambia wazi kwamba mtindo huo haumfai mtu wa mahali fulani. Nako ni kukosa mauzo, lakini ndivyo mtu anavyopata jina.

Ukichagua kuchaji nyumbani, zungumza na kijana kuhusu umeme wa huko. Tarehe 25 Agosti 2023 karibu nchi nzima ililala gizani. Muuzaji mzuri atataka kujua kama nyumba ina waya imara wa kuhimili chaja kwa saa kadhaa, na atakuonya usichaji kwenye jua kali wala karibu na vitu vinavyoshika moto.

ONDOKA MBELE YA DUKA, INGIA NYUMA

Duka lililopambwa halina maana yoyote. Omba kuonyeshwa karakana. Kama hakuna karakana, hakuna muuzaji, kuna mchuuzi. Ukiingia, zungumza na fundi, si yule aliyevaa tai. Mwulize ni kitu gani huharibika mara nyingi katika pikipiki hii. Fundi mkweli atakutajia vitu viwili vitatu bila kusita, maana hakuna chombo kisichoharibika. Kisha omba uonyeshwe kwa macho chaja ya akiba, kontrola ya akiba, na mikono ya breki kwenye rafu. "Tunaagiza" ni neno lenye majuma mengi ndani yake.

Omba pia ujaribu pikipiki ikiwa na watu wawili, na kwenye mlima. Kama duka liko mahali tambarare, afadhali ugharimike nauli na mafuta ya kuifikisha mlimani kuliko kugharimika pikipiki nzima.

Kisha uliza waendeshaji wawili wanaoitumia kwa zaidi ya mwaka mmoja, uwafuate kwenye steji yao, mbali na masikio ya muuzaji. Waulize: ilipoharibika, mlikaa siku ngapi bila kazi? Hilo swali moja lina thamani kuliko vijitabu vyote vya rangi.

MANENO YAANDIKWE

Dhamana ndiyo ahadi ya muuzaji, na ahadi ya mdomo huondoka na upepo. Soma imeandikwa nini. Ni miaka mingapi, au kilomita ngapi? Inahusu betri pia? Betri ikipungua nguvu hadi asilimia ngapi ndipo watakupa nyingine? Na je, nani atalipa usafiri wa kuipeleka kwao? Voi iko kilomita 150 hivi kutoka Mombasa na zaidi ya 300 kutoka Nairobi. Dhamana inayokutaka ubebe pikipiki kwenye lori hadi Nairobi kwa gharama yako ni nusu ya dhamana.

Risiti iwe na nambari ya fremu, ya mota na ya betri. Usajili ufanywe kupitia NTSA, na bima iwepo. Ukiambiwa pikipiki ya kubeba abiria haihitaji usajili kwa kuwa haina injini, aga uondoke. Jina la kampuni nalo lichunguze kwenye eCitizen ujue kama imesajiliwa.

Ikiwa ni kwa mkopo, uliza jumla ya pesa utakazolipa hadi mwisho, si malipo ya kila siku tu. Baadhi ya pikipiki za mkopo zina kifaa cha kuzizima kwa mbali mtu akichelewa kulipa. Uliza ni baada ya siku ngapi, na kama pikipiki ikiwa karakanani malipo yanasimama au yanaendelea.

Zaidi ya yote, andika kazi unayoitaka pikipiki. Barua fupi yatosha: "Nataka pikipiki ya kubeba abiria mmoja na mzigo kati ya Wusi, Mwatate na Wundanyi kila siku." Mpe muuzaji, naye atie sahihi kwamba anayokuuzia inafaa kazi hiyo. Sheria ya mauzo ya bidhaa hapa Kenya huangalia kama mnunuzi alimjulisha muuzaji kazi anayoikusudia na akategemea ujuzi wake. Ukijichagulia mwenyewe kwa jina la kampuni tu, kinga hiyo hudhoofika. Aidha, kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mnunuzi haki ya bidhaa zenye ubora unaostahili, na ya kupewa habari anazohitaji ili afaidi bidhaa hizo. Mambo yakiharibika, kuna Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016, inayosikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, na huhitaji wakili. Lakini mahakamani unakwenda na karatasi. Huendi na kumbukumbu.

Tena, itazame barua hiyo kama kipimo cha mwisho. Muuzaji mjuzi ataisoma, atafikiri, pengine atasema, "Kwa kazi hii chukua ile yenye betri mbili." Mbabaishaji atacheka na kukwambia huna haja ya kuandikiana, ninyi ni kama ndugu. Ndugu wa namna hiyo hukuhesabia pesa zako mara moja tu.

Mpendwa msomaji, sisemi tuziogope pikipiki hizi. Zinapunguza gharama, hazina kelele wala moshi, na kijana mwenye bidii anaweza kuitumia moja kujenga maisha. Ninachosema ni kwamba fedha za chama, za mjomba na za ng'ombe zinastahili majuma mawili ya kuuliza maswali. Rahisi hugharimu, na haraka hugharimu zaidi.

Kwa hiyo kabla ya kutuma hata shilingi ya arbuni, mpigie simu kijana wako. Mwulize anapanda milima gani, anabeba nini, na analala wapi pikipiki ikichaji. Andika majibu yake kwenye karatasi, uikunje, uende nayo dukani. Kisha nyamaza usikilize ni muuzaji yupi atakayekuuliza maswali hayo hayo kabla hujaitoa mfukoni.

Hadi Jumapili ijayo, tukijaliwa. Kwaheri.